Jiwe Katika Figo la Nakhungu

Kila asubuhi Nakhungu alifagia uwanja wake kule Bumula, akajidunga sindano ya sukari, kisha akaenda shambani. Alikuwa mjane, na ugonjwa wa sukari ulikuwa umemshika miaka mingi. Lakini sasa uwanja ulikuwa umejaa majani. Hakuna aliyefagia.

Mkojo ulimchoma, na ulikuwa mzito kama maji ya matope. Ubavu ulimuuma hadi mgongoni. Aliacha kunywa maji ili asiende chooni mara kwa mara. Alinunua vidonge dukani, maumivu yakatulia, halafu yakarudi. Ikawa hivyo tena na tena.

Mwaka wa 1989, binti yake Dinah alikuja kutoka Kitale pamoja na mumewe, Khaemba. Walimletea mahindi. Dinah alimkuta mama kitandani akitetemeka.

"Mayi, ni nini?"

"Ni malaria tu. Itaisha."

"Umejidunga leo?"

"Ati nijidunge na sijakula? Nimeacha tangu juzi."

Dinah alimkimbilia jirani yao Jepkosgei, nesi wa dispensari. Jepkosgei alipogusa ubavu wa mgonjwa, Nakhungu alilia.

"Mama Dinah, hii si malaria. Naogopa una jiwe kwenye figo, na limeingia vijidudu."

"Si nimemeza vidonge?"

"Unajua kibuyu chenye ufa? Unakiosha, lakini maziwa ya zamani yamejificha ndani ya ufa. Ukitia mapya yanaharibika. Jiwe ni hivyo. Dawa inaua vijidudu vya nje, vya ndani vinabaki. Na sukari ikipanda, mwili hauwezi kupigana navyo. Umeacha sindano, sasa sukari imepanda zaidi."

"Basi nipe dawa kali."

"Dawa peke yake haitoshi. Usaha ukifungiwa kwenye figo, unaingia kwenye damu. Ni hospitali, sasa hivi."

"Pikapu yetu iko nje," Dinah alisema.

Nakhungu alijivuta ukutani. Kwao, mama na mkwe wake hawatazamani usoni, sembuse kupanda gari moja.

"Khaemba anione hivi, nanuka mkojo? Afadhali nife."

Khaemba alisikia akiwa nje. Aliipa nyumba mgongo.

"Dinah, mwambie mama sitageuka."

"Mwambie gari lina kioo cha kuangalia nyuma!"

Khaemba alikwenda akakipindua kioo. "Mwambie sasa kinaona paa tu."

Jepkosgei alimfunika Nakhungu shuka, akamwambia polepole, "Mama Dinah, ukifa leo, maiti yako itabebwa na gari hilo hilo. Panda ukiwa hai."

Mguu mmoja ukashuka kitandani.

Huko Bungoma, picha ya eksirei ilionyesha jiwe kubwa. Madaktari walimtundikia dripu, wakashusha sukari, wakampa dawa kali kwenye mshipa. Walipitisha mpira mwembamba mgongoni mpaka kwenye figo ili usaha utoke. Homa iliposhuka na sukari kutulia, walimpasua. Lakini figo hilo lilikuwa limeoza. Walilitoa pamoja na jiwe lake.

"Mngekuja mapema, pengine tungeliokoa," daktari alisema.

Dinah alilia peke yake kwenye veranda.

Nakhungu alirudi nyumbani na figo moja. Hana nguvu za zamani. Anafagia nusu ya uwanja, anapumzika. Lakini haachi sindano yake. Akiugua, hata akishindwa kula, anakwenda kupimwa sukari. Mkojo ukimchoma, anakwenda dispensari, si dukani. Na anakunywa maji ya kutosha, kama daktari alivyomwagiza.

Mavuno yaliyofuata, Khaemba alikuja na mahindi bila Dinah. Alisimama langoni, akatazama barabara.

"Mwambieni mama," aliita, "amekunywa maji leo?"

Kisha sauti ikatoka ndani ya nyumba.

"Mwambieni amekunywa."

Hapakuwa na mtu mwingine wa kuambiwa.