Jina Linamsubiri Shangazi

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtaa wa soko wa Makoroboi haupitiki. Achola alisukumwa na wauza sufuria, akasukumwa na wauza mitumba, mwisho akajikuta ndani ya duka la vitambaa ambalo hakuwa na mpango nalo, sketi yake ya kitenge cha njano imepinda kiunoni na kiatu kimoja kiko mkononi. Nyuma ya kaunta kijana mrefu wa Kihindi, shati lake la bluu limenyooka kwa pasi, alishindwa kuzuia kicheko.

"Karibu, dada. Viatu hatuuzi."

"Na mimi sijaja kununua kiatu. Nikatie bitana nyeusi."

"Niandike jina gani kwenye risiti?"

"Achola."

"Maana yake nini?"

"Aliyezaliwa msibani. Baba alikufa mama akiwa na mimba yangu, huko kwetu Shirati."

Mkasi ulisimama katikati ya kitambaa. "Pole sana. Mimi Kushal. Maana yake mzima, mwenye heri."

"Wenzetu mnapewa heri, sisi tunapewa matanga," alisema Achola, na safari hii walicheka wote wawili.

Wiki iliyofuata alirudi kununua uzi. Kisha vifungo. Kisha uzi tena, mpaka Kushal akamuuliza kama huo uzi anaushona au anaula. Kufikia masika ya mwaka wa pili walifunga ndoa kwa mkuu wa wilaya. Mama yake Achola alikuja na vigelegele. Upande wa Kushal hakuja mtu. Dada yake mkubwa, Hansa, ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, naye alikuwa amemtafutia mchumba Nairobi. Siku ya ndoa Hansa alifunga mlango wake, akazima na simu.

Binti yao alizaliwa mvua ikipiga bati za wodi hadi manesi wakawa wanapiga kelele ndipo wasikilizane. Bibi yake mzaa mama, Dorcas, alimfunua uso mara moja tu.

"Huyu Akoth," alisema. "Amekuja na mvua."

Kwa Wajaluo jina la namna hiyo halihitaji kikao. Mtoto huja nalo. Lakini hilo lilikuwa jina la nyumbani, la kumwitia mtoto jikoni na uani. Jina rasmi, la kuandikwa kwenye cheti, Achola aliliacha kwa upande wa mume, kwa heshima kabisa, akasubiri.

Alisubiri sana. Kila alipouliza, Kushal alijibu, "Bado kidogo, mpenzi." Kliniki nesi akawa anamwita kwa sauti, "Mama wa asiye na jina!" na kina mama kwenye benchi wanageuka. Achola alicheka nao mara ya kwanza. Mara ya pili alirudi Mabatini, kwenye vyumba vyao viwili, macho yamemvimba.

"Kushal, niambie ukweli. Unaona haya kumpa mwanangu jina la kwenu?"

"Haya ya nini? Ni binti yangu."

"Basi mwite! Fungua mdomo umwite, hapa hapa, nisikie."

Kushal alifungua mdomo, akaufunga. 

"Namsubiri Hansa," alisema mwishowe.

Afadhali angenyamaza. Achola hakusikia kingine zaidi ya kwamba mwanawe anasubiri ruhusa ya mwanamke aliyemfungia mlango. Alimfunga mtoto mgongoni, akachukua begi la nepi, akaenda kwa mama yake Nyegezi.

Simu za Kushal zilianza siku hiyo hiyo.

"Chola, mmefika salama?"

"Tumefika. Mimi na asiye na jina."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nisemeje? Nifundishe."

Akakata. Alipokata alilia, maana alimpenda yule mwanaume kupita kiasi, na kumpenda ndiko kulikomtia hasira. Angekuwa mtu wa kumdharau, jambo lingekwisha siku ile ile.

Dorcas, ambaye herufi "sh" haikuwahi kumkaa mdomoni maisha yake yote, alivumilia vilio vya binti yake mpaka Jumapili. "Mtoto hana sida," alisema huku akimkanda mjukuu mafuta. "Sida iko kwa nyie wawili. Mume wako yuko nje tangu asubuhi. Kamfungulie, ama nimfungulie mimi?"

Kushal alikuwa amekaa juu ya jiwe mbele ya nyumba, suruali yake nzuri ya kijivu ina vumbi hadi magotini. Achola hakumkaribisha ndani. Alisimama na kanga yake mabegani, mikono ameikunja.

"Nikueleze jambo ambalo nilipaswa kukueleza mapema," Kushal alisema. "Kwetu baba hatoi jina, na mama hatoi. Jina la mtoto hutolewa na shangazi, dada wa baba. Hiyo ni haki yake. Baba akimpa mtoto jina mwenyewe, watu wanaelewa kwamba dada yake amekufa. Au yuko hai na yeye amemtupa."

"Kwa hiyo hukuwa unangoja ruhusa."

"Ruhusa ya nini? Nilikuwa namngoja dada yangu. Amenilea, Chola. Amenilisha kwa mkono wake. Nikimpa mtoto jina bila yeye, ni kama nimemzika."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza mbona haji. Ningekujibu kwamba hataki kumwona mtoto wetu? Ungemchukia. Mimi sitaki umchukie."

Achola alikaa juu ya jiwe, karibu naye, ila si karibu sana. Yeye alijua jina la msiba linavyokaa kwa mtu. Tangu utotoni kila aliyemwita alimkumbusha baba ambaye hakumwona. Hakutaka binti yake abebe jina lililotolewa kwa kumzika mtu ambaye bado anapumua, hata kama mtu huyo ni Hansa.

"Ulimwita akakataa?" aliuliza.

"Nilipiga simu."

"Akasemaje?"

Kushal alikuna shingo. "Nilikuwa nakata kabla hajapokea."

"Mara ngapi?"

"Kila siku."

Achola alimtazama mume wake, mtu mzima mwenye duka, akacheka mpaka Dorcas akachungulia dirishani. "Muhindi wangu," alisema, "hebu nyanyuka. Mama, chukua kanga, tunatoka."

Hansa alifungua mlango mwenyewe, mwanamke mwembamba mwenye sari ya rangi ya majivu, unga wa chapati umemjaa hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo, wifi," alisema Achola.

"Marahaba." Macho yake yalimruka Kushal yakatua kwenye kifurushi cha mtoto. "Ndiyo huyo Akoth?"

Wote walishtuka.

"Umelijulia wapi?" Kushal aliuliza.

"Winnie muuza mboga aliniambia wiki ile ile aliyozaliwa. Kwamba ameshaitwa Akoth." Akamnyooshea Kushal kidole chenye unga. "Nilikuwa nimefua kitambaa cha kumbembezea mtoto, nimekikunja, nangoja mniite. Mmeshampa jina, mimi nije kufanya nini? Nije kunywa chai?"

Kumbe muda wote huo kila mmoja alikuwa akilia upande wake wa mlango.

"Dada Hansa," Achola alisema polepole, "Akoth ni mvua tu. Ilinyesha siku ile, bibi yake akasema ilinyesha. Halikuchukua nafasi ya mtu. Jina la kutoka kwako bado, mtoto hana."

Hansa alimgeukia mdogo wake, akamporomoshea Kigujarati kirefu. Achola aliambulia neno moja alilojifunza dukani, lenye maana ya punda, nalo lilirudiwa mara kadhaa.

Kisha akaleta kitambaa cha hariri nyekundu, wakamlaza mtoto katikati. Pembe zilihitaji watu wanne. Achola alishika moja, Dorcas moja, na jirani wa chumba cha pili moja.

"Wanaume hawashiki," Hansa alisema, "lakini leo watu hawatoshi. Shika."

Wakambembeza. Hansa aliinama akaimba kidogo. Halafu akasema sikioni mwa mtoto, lakini kwa nguvu kiasi cha wote kusikia, "Megha." Akainua uso. "Maana yake wingu. Mvua itatoka wapi bila wingu?"

"Mega," Dorcas alijaribu. "Hilo naliweza."

Mtoto akaanza kulia, kilio cha njaa na cha kushtushwa na watu wengi. Hansa aliweka kiganja chake chenye unga juu ya kifua kidogo.

"Nyamaza, Akoth," alimbembeleza. "Nyamaza, shangazi yako nipo."

Pembe ya Kushal ililegea. Alikuwa anatazama ukutani, machozi yanamshuka, na hakuwa na mkono wa kuyafutia. Achola alisogeza bega lake likagusana na la mumewe.

"Baba Megha," alimnong'oneza, "shika vizuri, utatuangushia mtoto."