Kanuni ya Marahaba

Katika Chuo Kikuu cha Mwambani hakuna mwanafunzi anayeweza kushikwa bila ridhaa yake halafu dunia isijue. Sekunde tisa tu, dunia imeshajua. Nasema hivi nikiwa nimevimba kidogo, maana visikizi vya chuo kizima, elfu kumi na mbili na ushei, vinapita katika mikono hii: mikono ya Habili wa dawati la matengenezo, kidato cha nne, divisheni ya tatu, ambaye maprofesa wenye majoho wanamwita awabadilishie betri.

Kisikizi, kwa wewe usiyewahi kukivaa, ni kidude cha ukubwa wa kifungo cha koti. Unakibandika chini ya koo. Ndani yake mna akili unde inayopima mtetemo wa sauti, mapigo ya moyo na jasho la ngozi. Ikiona hofu inawaita mwewe, yaani zile ndege ndogo za chuma zinazolala juu ya paa la maktaba, na mwewe wakifika hawapigi hodi.

Jumatatu ya Wiki ya Ridhaa, mwaka 2087, tuliwaonyesha watu kazi yake. Uwanja ulifurika. Kijana wa idara ya maigizo alimkamata mkono binti aliyekuwa anapita, binti akasema niache, sauti ikapanda, na kabla hajasema mara ya pili mwewe watatu walikuwa usoni pa yule kijana, taa nyeupe machoni, sauti ya chuma ikimwambia: "Mwachie. Rudi hatua tano. Askari wako njiani." Kijana alirudi hatua kumi, na hayo hayakuwa maigizo tena. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa mshereheshaji, nikawaambia wenye mikono mirefu wakajiandikishe hospitali ipunguzwe mapema.

Pembeni yangu alisimama Mhandisi Nyamizi Kasulwa, aliyevumbua kisikizi. Hakucheka. Nyamizi hacheki, wengine tuliamini alijitengeneza mwenyewe maabara. Juu ya lango ubao wa mwanga ulisomeka: SIKU 1,127 BILA TUKIO. Makamu Mkuu wa Chuo alikuwa anaupiga picha kila asubuhi kama mtu mwenye mtoto mchanga.

Ukafika wakati wa maswali. Akasimama msichana mmoja mwembamba wa mwaka wa tatu, Sikudhani Ausi, ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona. Akauliza kama mashine inamsaidia na mtu asiyepiga kelele. Nyamizi akamjibu kwa upole wa kitaalamu kwamba kelele si lazima, moyo unatosha.

"Wangu ulipiga dakika arobaini, Mhandisi," Sikudhani akasema. "Hakuja mtu."

Halafu akaeleza, bila kulia, na nadhani hilo ndilo lililowafanya watu wamchukie. Wiki tatu nyuma, siku ya Alhamisi, alikwenda ofisini kwa Profesa Mkondya kufuata tasnifu yake. Profesa alifunga mlango, akamwambia tasnifu itapita kama atakuwa mwelewa. Alisema hapana. Hapana yake haikusikilizwa, si na Profesa wala na kifungo kilichokuwa chini ya koo lake.

Uwanja ulimgeuka. Wakamzomea. Mmoja akauliza mbona mashine haikulia, mwingine akajibu labda mashine nayo ilipendezwa, wakacheka hadi wa nyuma waliokuwa hawajasikia. Wasichana pia walizomea, tena kwa nguvu zaidi, maana kama huyu anasema kweli basi na wao wamevaa mapambo tu. Nami, mshereheshaji, nikatia changu: nikamwambia dada, kifaa kina waranti. Profesa Mkondya alikuwa mstari wa mbele kwenye viti vya wageni. Alifungua chupa ya maji, akanywa taratibu, akaifunga, mithili ya mtu anayesubiri redio ya jirani izimwe.

Kabla ya saa saba mchana Sikudhani alishapokea wito wa Baraza la Nidhamu. Kanuni ya chuo ilikuwa fupi. Anayemtuhumu mtu bila kumbukumbu ya kisikizi, na hakutoa taarifa kwa mtumishi yeyote wa chuo ndani ya saa ishirini na nne, anahesabiwa amechafua jina la mtu, na anafukuzwa. Alibakiza miezi miwili ahitimu. Kikao kilipangwa Ijumaa.

Jumanne Nyamizi alimwita maabara. Usidhani ni kwa huruma. Alitaka kumwumbua kwa vipimo, na mimi nikaitwa kufungua kifaa. Sikudhani alikaa kwenye kiti cha chuma, mikono mapajani. Nyamizi akamwambia waziwazi kwamba amewahi kupima visikizi mara elfu nne na havijawahi kumdanganya.

"Na mimi umewahi kunipima?" Sikudhani akauliza.

Nyamizi akaniashiria nianze. Nikakichomoa kiini, nikakiweka kwenye kisomeo, na historia ya Alhamisi ile ikajitandaza hewani mbele yetu. Moyo, mapigo mia na arobaini na nane kwa dakika. Jasho, juu kabisa ya kipimo. Sauti, chini, karibu na mnong'ono. Kila kitu kilikuwepo, dakika arobaini na moja nzima, na chini yake hali ya kifaa: USINGIZI. Sababu ya usingizi: MARAHABA.

Hapo nikuelezee kidogo. Mwezi wa kwanza wa visikizi ulikuwa kichekesho. Mhadhiri akimfokea mwanafunzi aliyechelewa, mwewe hao. Mkuu wa Kitivo cha Sheria alipandisha sauti akifundisha, wakamvunjia miwani. Wahadhiri wakagoma siku tatu, wakisema hawawezi kufundisha watoto waliovaa polisi shingoni. Nyamizi akapewa wiki moja atafute dawa, na dawa aliyoipata kila mtu aliipenda. Mdogo akisema shikamoo na mkubwa akajibu marahaba, kisikizi kinaelewa kwamba hawa wawili wako kwenye heshima, kinalala mpaka watengane. Magazeti yaliandika kwamba hatimaye imepatikana teknolojia inayojua mila. Nyamizi aliipima kwa baba yake mzazi, ikafanya kazi vizuri sana.

Sasa niambie wewe, ni mwanafunzi gani wa nchi hii anayeingia ofisini kwa profesa bila shikamoo?

"Kwa hiyo kilinisikia," Sikudhani akasema.

"Kilikusikia."

"Kikalala."

"Nilikilaza mimi," Nyamizi akasema.

Akavua miwani, akaiweka mezani, akaivaa tena. Kisha akaiagiza akili unde imletee kila usingizi wa marahaba ambamo moyo wa mdogo ulipita mia na thelathini kwa zaidi ya dakika kumi. Nilitegemea itasema hakuna. Ilileta mia mbili na kumi na tatu, kila mmoja na namba ya mlango. Milango haikuwa mingi. Mlango wa Mkondya peke yake ulijitokeza mara thelathini na moja. Nyamizi alisimama mbele ya ile orodha akiwa ametupa mgongo, na Sikudhani hakwenda kumbembeleza. Alikaa palepale akimtazama, na macho yake hayakuwa na urafiki. Aliuliza jambo moja tu: kama ubao wa langoni utaendelea kuwaka.

Uliendelea. Makamu Mkuu alipopelekewa taarifa alisema kuzima ubao katikati ya Wiki ya Ridhaa kutaleta taharuki. Nyamizi akamkumbusha kwamba ubao unasema uongo. Akajibiwa kwamba ubao unasema kile mashine inachosema, na mashine ni yake.

Ijumaa saa nne asubuhi Baraza lilikaa ukumbi mdogo, watu saba na Mwenyekiti wao, mama mmoja wa sheria mwenye sauti kavu. Mimi niliitwa kuendesha kisomeo. Nje ya madirisha wanafunzi walisongamana na mabango, mengi ya kumtaka Sikudhani aende kwao. Kulikuwa na bango moja upande wake, limebebwa na wasichana wawili, na hata hao walikuwa wamelishika chini chini.

Nyamizi alieleza kila kitu. Alisema, na kauli hii nainukuu kwa sababu ukumbi ulitulia: "Niliifundisha mashine kusikia anayepambana. Sikuifundisha kumsikia anayeogopa kwa adabu, na hapa kwetu wengi wanaogopa hivyo. Kosa ni langu na nimeshaandika barua ya kujiuzulu. Msimwadhibu yeye kwa usingizi nilioutengeneza mimi."

Profesa Mkondya aliomba kuzungumza. Ana sauti nzuri, huyu mzee, ungemwajiri asome taarifa ya habari. Alisema anamheshimu Mhandisi. Alisema mapigo ya moyo si maneno, na kwamba wanafunzi wengi mioyo huwaenda mbio ofisini kwake kwa sababu hawajaandika sura ya tatu. Wajumbe wawili wakacheka. Akamgeukia Sikudhani, akamwita binti yangu, akasema hana kinyongo naye, vijana wa siku hizi wana msongo.

"Mimi si binti yako," Sikudhani akasema. "Ningekuwa binti yako ningemwambia mama."

Mwenyekiti akagonga meza. Akasema Baraza limeona usingizi, limeona moyo, lakini moyo haujasema kwa nini ulikimbia, kwa hiyo kinachobaki ni sharti la pili. Je, mlalamikaji alitoa taarifa kwa mtumishi yeyote wa chuo siku hiyo?

Sikudhani akasema ndiyo. Alipotoka tu ofisini kwa Mkondya alishuka ghorofa ya chini hadi dawati la matengenezo, akasema alichofanyiwa na kwamba kifaa hakikulia.

Ukumbi mzima ukanigeukia.

Sasa ngoja. Dawati langu linapokea watu themanini kwa siku. Huyu kakiloweka, yule kakifua na shati, mwingine anataka cha rangi ya zambarau. Na fikiria, kama mtumishi alipokea taarifa ya namna ile akaacha kuijazia fomu, anakwenda na maji yeye, na mimi divisheni ya tatu yangu nani atanipa kazi nyingine? Mwenyekiti akaniuliza kama namfahamu mlalamikaji. Nikasimama vizuri, nikajibu kwamba nilimwona kwa mara ya kwanza Jumatatu uwanjani, kama nilivyokwisha kukwambia wewe. Nikaongeza na kauzaha kadogo, kwamba sura kama ile ningeikumbuka. Mjumbe mmoja akatabasamu. Sikudhani alinitazama tu, na Katibu akaanza kuandika kwamba taarifa haikutolewa.

"Alikuja."

Sauti ilitoka kwenye meza ya chai. Alikuwa Bi Mwanahija, anayefanya usafi Jengo C, lenye dawati langu. Chuo kiliwahi kununua roboti za usafi, zikafa na vumbi mwezi wa pili, Bi Mwanahija akarudishwa. Alikuwa anakusanya vikombe. Hakuna mtu anayemwona, na mimi pia siku ile sikumwona.

Mwenyekiti akamwambia huu ni mkutano rasmi. Yeye akatua sinia mezani, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Alhamisi ile nilikuwa napiga deki ukumbini, mbele ya dawati la Habili," akasema. "Huyu mtoto alishuka ngazi hana kiatu kimoja. Akamwambia Habili, Profesa amenifunga ndani, na kidude hiki kimenyamaza. Habili akakichukua, akakipigia kelele, kikalia. Akamrudishia. Akamwambia, hiki kizima dada, mbovu ni mwenye nacho, siku nyingine jifunze kupiga kelele. Akacheka. Mtoto akaondoka, nikafuta nyayo zake, mguu mmoja kiatu, mguu mmoja peku."

Nilisema, "Bi Mwanahija, mama, labda unanifananisha." Sauti ilinitoka nyembamba.

"Nimekufagilia miguuni miaka sita, mwanangu. Nikufananishe na nani?"

Nyamizi alikuwa amenigeukia, na hapo kwenye kisomeo nilikuwa nimeshika kiini cha kifaa cha yule binti kwa vidole viwili. Mwenyekiti akamuuliza Bi Mwanahija kwa nini hakusema siku zote hizo.

"Niliogopa kama alivyoogopa yeye. Lakini mmeuliza kama aliwaambia watumishi wa chuo. Aliambiwa mmoja, akasikia na wa pili. Mmoja alicheka, wa pili akaendelea kupiga deki. Wote wawili tupo humu ndani."

Akalichukua sinia lake, akamwangalia Katibu ambaye kalamu yake ilikuwa imesimama.

"Andika, baba. Na kicheko nacho ukiandike."