Fundi Makochi na Watu wa Kale

Fundi Makochi alikuwa na karakana ya kuvika viti na makochi vitambaa vipya. Karakana ilikuwa mbele, nyumba ilikuwa nyuma. Kila asubuhi alifungua mlango wa bati, akawasha redio, akavaa aproni yake, kisha akaanza kung'oa misumari midogo kwenye viti vya watu. Ndani ya makochi alikuta vitu vingi: vitana, vijiko, na siku moja meno ya bandia. Vyote aliwarudishia wenyewe, hata yale meno.

Watu walimsifu kwa jicho lake. Ukimletea kiti kilichochanika, anakitazama kitambaa, anaingiza mkono kwenye gunia la vibaki, anatoa kipande kinachofanana nacho. "Hiki hapa," husema. "Hata mwenye kiti hatajua."

Aliishi na mkewe na mama yake mzee. Dada yake mmoja, wa mwisho kuzaliwa, walimwita Kitinda kwa sababu ndiye aliyekuwa kitinda mimba. Kitinda alifanya kazi kwenye tanuri la mikate, na alipanga chumba mtaa wa pili. Kila Jumapili alikuja nyumbani na mkate wa moto na umbea wa wiki nzima.

Mambo yalianza na zawadi. Binamu yao anayeishi ng'ambo aliwatumia vichupa viwili vya kupimia vinasaba. Vinasaba ni maelekezo yaliyomo ndani ya mwili, ambayo mtu huyapata kutoka kwa wazazi wake. Kaka na dada wakatema mate kwenye vichupa huku wakichekana, wakavirudisha kwa posta. Majibu yalikuja kwenye simu. Kitinda hakupenda kuhangaika na mambo ya simu, kwa hiyo kaka yake ndiye aliyemfungulia akaunti. Nywila yake aliijua.

Kisha mteja mmoja akamwambia Fundi kuhusu tovuti nyingine. Unaipa faili la vinasaba vyako, nayo inavilinganisha na vinasaba vilivyotolewa kwenye mifupa ya watu waliokufa maelfu ya miaka iliyopita. Fundi akaweka faili lake. Orodha ikatokea. Mstari wa kwanza ulisema: Wafugaji wa kale.

Basi tena! Mtu ambaye hajafuga hata kuku akaanza kutembea kifua mbele. Wateja walikuja kuulizia makochi, wakahubiriwa ng'ombe. Akanunua na fimbo.

"Fimbo ya nini, mume wangu?" mkewe alimuuliza. "Au makochi yamekuwa yakikutoroka?"

Yangeishia hapo, ingekuwa mzaha tu. Lakini Jumamosi moja kazi ilikuwa chache. Fundi akaingia kwenye akaunti ya Kitinda bila kumwambia, akachukua faili lake, akaliweka kwenye ile tovuti. Mstari wa kwanza ukasema: Wakulima wa kale.

Fundi akaweka nyundo chini. Alikuwa mtu wa vitambaa, akafikiri kivitambaa. Vipande viwili vikitofautiana, havikukatwa kwenye jora moja. Marehemu baba yao alikuwa dereva wa malori, na mara nyingi hakuwa nyumbani. Wazo baya likabisha hodi kichwani mwa Fundi. Badala ya kulifukuza, akalikaribisha ndani.

Kesho yake walikuwa mezani wote: Mama, Kitinda, Fundi na mkewe.

"Mama," Fundi alianza, "hivi mwaka aliozaliwa Kitinda, Baba alikuwa nyumbani?"

Mama akaweka kijiko. "Unauliza nini?"

"Nauliza tu. Mimi nimetokea mfugaji. Kitinda ametokea mkulima. Baba mmoja anazaaje mfugaji na mkulima?"

Kitinda alicheka, akidhani ni utani. Kisha akamtazama kaka yake usoni, kicheko kikakatika.

"Kaka, unasema mimi si mtoto wa Baba?"

"Sisemi mimi. Vinasaba ndivyo vinavyosema."

"Na vinasaba vyangu umevipata wapi?"

Fundi akainamia sahani yake. Mkewe alikuwa amejishika mdomo.

Mama hakupiga kelele. Alinyanyuka, akanawa mikono, akaingia chumbani kwake. Walisikia zipu ya begi. Alipotoka alikuwa amevaa viatu vya kutokea.

"Kitinda, twende kwako," alisema. "Hapa mwanangu amenivua nguo mbele ya mkwe wangu. Siwezi kukaa."

Wakaondoka. Mkate ulibaki mezani, haujakatwa.

Siku za kwanza Fundi alijitia ugumu. "Ukweli unauma," alimwambia mkewe. Mkewe akageuka, akaenda jikoni. Alimpakulia chakula, akamwacha ale peke yake. Fundi alipopita mlangoni pa chumba cha Mama aliona kitanda chake kimetandikwa, hakuna aliyekilalia. Akaanza kupitia mlango wa nje ili asikione. Redio hakuiwasha. Wateja walipomtania kuhusu ng'ombe wake, alisema, "Tuzungumze kochi." Aliona haya, lakini hakutaka kujua haya hiyo ilitoka wapi.

Jirani yao wa ukuta mmoja alikuwa mwalimu wa kike wa baiolojia. Siku moja alileta kiti chake, kimechanika upande wa kukalia.

"Fundi, mbona kimya? Na Mama sijamsikia wiki hii. Amesafiri?"

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Alikaa juu ya kigoda, akamweleza yote, macho yakiwa sakafuni. Alipofika kwenye maneno aliyomwambia Mama, sauti ilishuka mpaka Mwalimu akainama kusikia.

"Nionyeshe hiyo orodha," Mwalimu alisema. Akaitazama. "Wewe ulisoma mstari wa kwanza tu?"

"Wa kwanza si ndio wenyewe?"

"Soma wako wa pili."

"Wakulima wa kale."

"Na wa pili wa Kitinda?"

Fundi akasogeza simu karibu. "Wafugaji wa kale."

"Umeona? Ni wale wale, wamepishana nafasi. Na hizi namba pembeni zinaonyesha umbali wa vinasaba kati yako na hao watu wa kale. Tofauti ya wa kwanza na wa pili ni ndogo mno. Mtoto huchukua nusu ya vinasaba vya mama na nusu ya vinasaba vya baba. Lakini nusu anayochukua huyu si ile ile anayochukua yule. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hawafanani kila kitu. Wewe una pua ya nani?"

"Ya Mama."

"Na Kitinda?"

Fundi akajishika pua. "Ya Baba," akasema. "Kila mtu husema hivyo."

"Pua haitoshi kuwa ushahidi," Mwalimu alisema. "Lakini hata hiyo hukuifikiria. Haya, niletee gunia lako. Nitafutie kipande kinachofanana na sketi yangu."

Kazi hiyo Fundi aliiweza. Alichakura kidogo, akatoa kipande cha kijani.

"Kimekatwa kwenye jora la sketi yangu?"

"Aa, hapana. Hiki ni cha pazia la hoteli. Lakini ndicho kinachokaribia kuliko vyote humu."

"Na kama humo mngekuwa na vibaki vitatu tu?"

"Ningekupa kile kilicho afadhali."

"Tovuti ile hufanya hivyo hivyo. Gunia lake ni mifupa ya kale. Nayo si mingi. Sehemu nyingi imeoza, sehemu nyingine hakuna aliyechimba. Kompyuta inakupa kinachokaribia kati ya ilivyo navyo. Lazima mmoja awe wa kwanza, hata kama wote wako mbali. Kufanana na mtu wa kale hakumfanyi kuwa babu yako. Huenda alikufa bila mtoto. Pengine wewe na yeye mna asili ya mbali inayokaribiana, basi."

"Lakini ufugaji..."

"Ufugaji haumo kwenye mate, Fundi! Majina hayo wameyaweka watafiti. Wamekuta mifupa ya watu pamoja na mifupa ya ng'ombe, wakawaita wafugaji. Wewe unafuga nini?"

"Misumari," Fundi alisema kwa unyonge.

Mwalimu hakucheka. "Ukitaka kujua kama watu wawili walio hai ni ndugu, huwalinganishi na wafu. Unawalinganisha wao kwa wao. Ile kampuni ya kwanza, iliyowapima, ina sehemu ya jamaa. Wewe na Kitinda mlikubali kuonana humo?"

"Tulikubali siku ile ile."

"Umewahi kuifungua?"

Fundi alitikisa kichwa. Alikuwa na shughuli na ng'ombe. Akaifungua sasa. Jina la kwanza lilikuwa la mdogo wake. Chini yake paliandikwa: Dada. Baba mmoja, mama mmoja.

Jibu lilikuwa humo tangu mwanzo. Fundi aliifunika simu kwenye paja lake. Masikio yalimwaka moto. Aliona haya mbele ya Mwalimu, akaona haya zaidi alipomkumbuka Mama akivaa viatu.

"Nimemtukana mama yangu," alisema.

"Umemtukana. Na mdogo wako umemchukulia kitu cha mwili wake bila ruhusa. Hata kama jibu lingekuwa jingine, halikuwa la kutangaza mezani. Vipimo hivi wakati mwingine huleta mambo mazito. Kabla ya kupima, watu hukubaliana nani ataona na nani ataambiwa. Wakiwa na hofu, hutafuta mshauri. Hawatupi maneno kama wewe ulivyotupa."

Fundi alifunga karakana mchana kweupe. Mkewe akajifunga khanga, akamfuata. "Matusi niliyasikia," alisema. "Na radhi niisikie."

Kwa Kitinda walimkuta Mama akikunja nguo juu ya kitanda.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Hakuinua macho.

Fundi akatoa simu. "Mama, Mwalimu amenionyesha. Kitinda ni dada yangu kabisa, baba mmoja na mama mmoja. Tazama, hapa imeandikwa..."

"Iweke mfukoni hiyo simu."

"Mama, inasema kwamba..."

"Mimi nilikuwepo. Sina haja ya kuambiwa." Akakunja blauzi, akaiweka juu ya nyingine. "Nikuulize. Kama simu ingesema vingine, ungekuja hapa?"

Fundi alisimama pale katikati ya chumba, mtu mzima. Alijua kwamba asingekuja. Mama naye alijua. Alirudisha simu mfukoni, akapiga magoti.

"Nisamehe, Mama. Nilikuhukumu na hukuwa na kosa. Kitinda, na wewe nisamehe. Niliingia kwenye mambo yako kama mwizi."

Kitinda alikuwa ameegemea dirisha. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini ulimi wake ulikuwa salama. "Kwanza nionyeshe jinsi ya kubadili nywila. Halafu faili langu nalifuta mwenyewe kwenye hiyo tovuti yako ya mifupa. Siku nyingine ukitaka mate, tema yako."

"Sawa, mdogo wangu."

Alimwonyesha, kisha akageuka ukutani wakati dada yake akiandika nywila mpya. Kitinda alifuta faili, akakagua mara mbili.

Mama alisubiri mpaka wamalize. "Nimekusikia," alisema. "Lakini ulinivua nguo mezani. Radhi hiyo utaniomba pale pale mezani, kwa sauti ile ile. Nitakuja Jumapili."

Jumapili ilipofika, Fundi aliandaa meza mwenyewe. Mama alikuja na begi lake, akaliingiza chumbani, akaketi mahali pake. Kitinda aliketi karibu naye. Mwalimu naye alialikwa, Mama mwenyewe ndiye aliyetaka.

Fundi akasimama. "Nilisema hapa kwamba Kitinda si mtoto wa Baba," alisema. "Nilisema uongo. Sikuelewa nilichokisoma, na sikuuliza mtu. Nilimvunjia mama yangu heshima. Naomba radhi mbele yenu wote."

Mkewe aliangalia sahani yake. Mama akavuta mkate, akaukata, akampa Fundi kipande cha kwanza.

"Nimekusamehe," alisema. "Sasa nisikilize. Wewe ulikwenda kuwauliza watu waliokufa maelfu ya miaka iliyopita, na mimi nalala chumba cha pili. Ukitaka kujua habari za ukoo huu, niulize mimi. Bado niko hai."

"Ndiyo, Mama."

"Basi uliza."

Fundi alishika ule mkate bila kuula. Alijua wafugaji wa kale walizikwa wakiwa wamelala upande gani. Alijua mifupa yao iliokotwa kwenye mapango mangapi. Swali lililomjia sasa lilikuwa dogo, la kitoto, na umri wake wote hakuwahi kuliuliza. Haya ikampanda tena mpaka shingoni.

"Mama," alisema, "mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Mama aliacha kukata mkate. Akamtazama mwanawe usoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Kaa chini," alisema. "Nimengoja sana mtu aniulize."