Nani Aliiba Mbuzi wa Wakwe

Niambie wewe unayesoma: umewahi kuona mwizi wa Joburg anayeiba mbuzi, halafu anafagia mavi yake kabla ya kuondoka?

Mimi nimeona. Nilikuwa nimesimama uani kwetu, mtaa wa La Rochelle, blanketi mabegani, mwezi wa saba wa 2018, baridi inauma mpaka kwenye fizi. Kamba ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya ndoo. Sementi safi kama sahani. Mbuzi hayupo.

— Wa pili huyu, Mama! — mwanangu Évariste alipiga kelele. — Wa pili! Na suti ya baba mkwe haipo, na taa haipo. Jumamosi wakwe wanakuja. Tutawakaribisha na nini, kamba?

Ngoja nikueleze usipotee. Tulikuwa tunamtolea mahari Murielle, binti msusi wa Rosettenville, aolewe na mjukuu wangu Steve. Baba yake Steve alifia Uvira, kwetu Kongo, mimi nikamlea, na Évariste, baba yake mkubwa, ndiye msemaji wa ukoo. Sasa kwetu mbuzi ndiye anaingia kwanza. Wakwe hawakai kwenye kiti mpaka wamuone kwa macho yao, mzima, anapumua. Wakishakaa, neno limekwisha, binti ni wenu. Nyama ya buchani haikubaliki. Hela mahali pa mbuzi, ni matusi. Suti na taa ni zawadi za wakwe, zinafuata nyuma ya mbuzi.

— Mwite Hénock, — nikasema.

Hénock ni fundi cherehani. Amepanga chumba cha nyuma pamoja na Steve. Mtaa unapoteza vitu, yeye anavipata: funguo, simu, hata meno ya bandia ya mchungaji, aliyakuta ndani ya mfuko wa joho la kwaya. Futi yake ya kupimia haitoki shingoni. Na mtaa huohuo unajua kwamba Hénock moyo wake hauendi kwa wanawake. Hatangazi, hakatai. Kuhusu yeye na Steve, watu wanasema "binamu" halafu wanakohoa. Mimi nawapakulia sombe, majani yetu ya muhogo, kwenye sahani moja, basi.

Évariste hakumpokea kwa uzuri.

— Wewe fundi. Suti uliishona wewe. Ufunguo wa uani unao. Na tunajua sote nani hapa anaumia Steve akioa.

— Nani huyo, Papa Évariste?

— Usinichekeshe! Mpaka Jumamosi mbuzi awe hapa. La sivyo nitakutaja mbele ya kanisa zima, na chumba utahama.

Steve alikuwa mlangoni na sare yake ya ulinzi, anaangalia viatu. Hénock alimtazama, akangoja, akangoja tena.

— Sharp, sawa Papa, — Hénock akasema mwishoni. — Nitamtafuta.

Mchana ule nilikuwa nachambua mboga chini ya dirisha lao. Sikuhama. Mimi ni mzee, miguu inauma.

— Umenyamaza, Steve.

— Ningesema nini?

— Kwamba si mimi.

— Wewe mwenyewe unajua si wewe.

— Mimi najua! Nilitaka uwaambie wao. Murielle unamtaka?

— Baba mkubwa amekwisha panga.

— Sikumuuliza yeye. Steve, nchi hii watu kama sisi wanafunga ndoa na cheti wanapewa.

— Serikali imeruhusu. Ukoo haujaruhusu. Eish, Hénock, nachelewa kazi.

Hénock akaanza upelelezi. Alipima nyayo za mbuzi kwa ile futi yake, magoti kwenye sementi, wapangaji wanacheka. Akaenda kwa Bakiri, Mtanzania mwenye bucha pale kona, karibu na robot, zile taa za barabarani.

— Ndugu Bakiri, kuna mtu amekuletea mbuzi?

— Fundi, mimi nauza kuku. Mbuzi wa mwisho niliyemwona alikuwa kwenye simu ya mke wangu, tena alikuwa anaimba.

Akarudi kwangu amechoka, akakaa kwenye kreti. Mimi ananiita Koko, yaani bibi.

— Koko, mwizi huyu ananitesa. Mbuzi hamuuzi, hamchinji. Suti ya baba mkwe ataivaa nani? Nilimpima mwenyewe, tumbo lile liko moja tu Joburg nzima.

— Na amefagia, — nikasema.

— Amefagia...

Mkono wake ukashika matembele yaliyonyauka ndani ya beseni langu.

— Haya unayatupa, Koko?

— Zamani nilitupa. Siku hizi Steve anayabeba kazini. Anasema kuna sungura.

Hénock aliyarudisha polepole, kama kitu cha moto.

— Steve analinda farasi, Koko.

— Najua, mwanangu.

— Sungura wametoka wapi?

— Hata mimi nilijiuliza. Na yule mtoto nilimfundisha mwenyewe kufagia.

Futi ikamteleza shingoni, ikaanguka. Hakuiokota.

Kesho yake asubuhi alinishika mkono tukaenda Turffontein, upande wa mabanda ya farasi. Lango lilikuwa wazi. Ndani, farasi mmoja mkubwa wa kahawia amelala, na mbuzi wetu wawili wameegemea tumbo lake wanacheua. Taa yetu inaning'inia kwenye msumari. Mbuzi mmoja amevaa koti la baba mkwe, vifungo vimefungwa mpaka shingoni.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Hénock hakucheka.

Steve akatokea na ndoo ya maji.

— Nani amekuonyesha?

— Matembele yako.

— Mbuzi alikuwa anatetemeka, Hénock. Baridi.

— Na mimi? Mimi uliona sitetemeki?

Steve akaweka ndoo chini.

— Nilitaka siku ipite tu. Mbuzi asipokuwepo, wakwe hawakai. Wasipokaa, hakuna ndoa, na hakuna mtu nimemkatalia. Sikufikiri watakusingizia wewe.

— Hukufikiri? Steve, nyumba ile hata mvua ikinyesha kwenye nguo zilizoanikwa wananisingizia mimi.

— Utawaambia?

Hénock alimvua mbuzi koti, akalikagua kwenye mwanga.

— Kifungo kimoja kimeliwa, — akasema, akalikunja.

Hakulia. Afadhali angelia. Mtu asiyelia ameshaanza safari.

Ijumaa simu ya Hénock ililia, ujumbe wa Steve, akaniletea nisome naye.

"Hénock naomba tuongee."

Akajibu: "Nashona kifungo."

"Utahama kweli?"

"Sanduku limefungwa. Wewe oa."

Jumamosi wakwe walifika na nyimbo, wakasimama uani kama desturi inavyotaka. Viti viko wazi, hakuna anayekaa. Hénock akawaingiza mbuzi wote wawili kwa kamba moja, wanalia mee kwa nguvu. Wanawake wakapiga vigelegele. Évariste akainua mkono.

— Sawa, mali imeonekana. Sasa taja mwizi.

— Mbuzi mmepata, Papa Évariste. Jina sina.

— Basi ni wewe!

— Sema hivyo kama inakusaidia.

Akaniwekea kamba mkononi, akaingia ndani, akatoka na sanduku. Akapita katikati ya wageni, na wageni wakavuta nguo zao asiziguse. Mimi neno lilikuwa kwenye ulimi wangu, lakini halikuwa langu la kusema.

Murielle, kilemba kimesimama kama kanisa, akamgeukia Steve.

— Wewe, mimi nimesukwa tangu alfajiri, kichwa kinawaka. Mbona unaangalia lango, huniangalii mimi? Ukinitaka sema. Usiponitaka sema, nikafumue!

Steve akazidi kuangalia lango. Baba yake Murielle akaona mbuzi wameonekana, mambo yamekwisha. Akashika mikono ya kiti, akaanza kuinama, lile tumbo likitangulia.

— Usikae, Papa!

Ilikuwa sauti ya Steve. Mzee akabaki hewani, nusu ameinama, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

— Mbuzi niliwaiba mimi. Taa mimi, suti mimi. Murielle, nisamehe, wewe huna kosa. Usikae, Papa, nakuomba.

Évariste mwanangu, tangu dakika ile, hajanywa chai kwangu. Kanisani benchi letu sasa tunakaa watatu, mimi na vijana wangu wawili, na pembeni yetu nafasi ni kubwa. Siku ile alikamata fimbo ya mbuzi, nikasimama mbele yake na uzee wangu wote.

Lakini Steve hakumtazama. Alikuwa anamfuata Hénock, ambaye mkono wake ulishafika kwenye komeo la lango.

— Hénock, weka sanduku chini. Ninayemtaka ni wewe. Nilitaka kusema tangu zamani, na nataka hawa wote wasikie.