Chumba Kilichokataa Chokaa

Chokaa iliyopakwa Jumatatu, Jumanne asubuhi ilikuwa sakafuni, imebanduka vipande vipande, na ukuta uliobaki wazi ulikuwa unatoka jasho.

Mwanvita, mjane kutoka kijiji cha Zinga, alikuwa fundi chokaa. Mwaka ule Mdachi mmoja, mchunguzi wa samaki na nyoka, alinunua nyumba ya mawe hapo Bagamoyo iliyokuwa ya mfanyabiashara wa watumwa, akataka ghala la nyuma ligeuzwe chumba cha uchunguzi: meza za mawe, rafu za chupa, kuta nyeupe pe. Rehani, mkuu wa mafundi, alipaka tena. Ikabanduka. Mara ya tatu, mchana kweupe, chumba kilinuka udi na nywele zilizoungua, na kwenye vumbi zikajichora nyayo ndogo zinazokwenda kinyumenyume. Mafundi wakatupa zana, wakatoka.

Rehani alieleza kwa sauti ya chini kwamba mwenye nyumba wa kwanza alifuga jini humo ili watumwa wasithubutu kutoroka.

"Dada, humo si mahali pa kuingia mtu."

"Mama yangu aliingizwa humo, mtumwa," alisema Mwanvita. "Hakutoka."

Akabeba ndoo na mwiko, akaingia peke yake. Alipopaka mwiko wa kwanza mlango ulijifunga taratibu, giza likatanda, moshi wa udi ukajaa chumbani, na ukuta mbele yake ukaanza kuhema, ukivimba na kunywea kama kifua cha mgonjwa, huku sauti nyembamba, si ya mume wala ya mke, ikimnong'oneza sikioni kwamba akitoka sasa atatoka mzima, lakini akimaliza kazi, mkono atakaouegemeza ukutani hautakuwa wake tena.



"Ulimsikia mama yangu akilia kiu, hukumpa hata tone," alisema Mwanvita. "Leo unanitisha mimi? Mkono huu hapa."

Akaegemeza wa kushoto. Baridi ikapanda hadi begani. Kwa wa kulia akapaka, huku akisoma Ayatul Kursi, na kila alipopita, ukuta uliacha kuhema. Mwishowe kitu cha moto kikampita juu ya kichwa, mlango ukafunguka kwa kishindo, na Rehani aliyesimama nje akaangushwa chali.

Chokaa ilikauka. Mdachi akapanga chupa zake.

Mkono wa kushoto wa Mwanvita haukusikia tena moto wala baridi hata alipozeeka. Watu wakimpa pole, aliwajibu, "Mkono niliutoa mwenyewe. Yule jini, chumba alinyang'anywa."