Homa ya Mama Msusi

Kila Jumamosi sebule yao iligeuka saluni. Mama alikuwa msusi, na binti yake, aliyebandikwa jina la Kasuku kwa kuropoka kwake, ndiye aliyemchambulia nywele za bandia.

Jumamosi hiyo aliketi bibi harusi wa kesho yake, kichwa nusu kimesukwa, nusu nywele zimesimama. Kasuku akaona mikono ya mama inatetemeka.

"Mama, una homa!"

"Kibaridi tu hiki."

Kasuku hakudanganyika. Zamani ajali ya gari ilimpasua mama bandama, kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto, ikabidi itolewe. Tangu hapo daktari alisema: homa yoyote, ameze papo hapo dawa ya akiba ya kuua vijidudu na akimbizwe hospitali. Kasuku alikwenda kabatini mbio. Pakiti ilikuwa tupu.

"Nilimpa mjomba wako, kikohozi kilimzidi," mama alisema, meno yakigongana. "Ningemnyimaje? Ngoja nimalize mistari hii, twende."

"Twende sasa hivi!"

"Nimtoe mtu nje hivi? Nyamaza, mwanangu."

Kasuku akatii. Mtoto ana ubavu gani wa kumburuta mama yake mbele ya mteja? Aliendelea kuchambua nywele, akiomba mistari iishe. Kitana kikaanguka, kisha mama naye akaanguka.

Bibi harusi, kichwa hivyo hivyo nusu, alitoka mbio kusimamisha gari.

Hospitalini Kasuku alikaa kwenye benchi. Kila mlango ulipofunguliwa, alisimama. Siku zilipita kabla hajaruhusiwa kuingia. Mama alikuwa amefumbua macho, mikono yote imefungwa bendeji.

"Uhai tumeuokoa," daktari alisema. "Lakini vijidudu vilizuia damu kufika vizuri mikononi, na vidole viwili bado hatuna uhakika kama vitapona. Bandama husaidia kuondoa vijidudu kwenye damu. Asiye nayo, vinaweza kumshinda kwa saa chache. Chanjo zake zisikose. Dawa ya akiba haigawiwi, hata kwa ndugu. Na homa haisubiri kazi iishe." Akamgeukia Kasuku. "Nawe ukiiona, usiombe ruhusa. Piga kelele majirani wasikie."

"Nilimwambia," Kasuku alisema, akibubujikwa na machozi. "Akasema ninyamaze."

"Nisamehe, mwanangu," mama alinong'ona. "Nikikunyamazisha tena, usinisikilize."

Alitaka kumfuta machozi, lakini mikono haikuinuka.