Gari Libaki Nyumbani

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, fundi rangi aliosha gari lake. Lilikuwa gari kuukuu, lakini aliling'arisha kama sufuria ya harusi. Mtoto akilisogelea tu, alisikia, "Usiguse." Basi mtaa mzima ukamwita Mzee Usiguse.

Mkewe alikuwa mshonaji. Asubuhi hiyo alikaa mlangoni akipindia vinguo vya mtoto mchanga. Binti yao, aliyeolewa nchi ya mbali, alikuwa amejifungua. Mkwe alitaka kuwakatia tiketi za ndege, na binti alikuwa amepiga simu kuwasihi.

"Mama, njooni mkae mwezi mzima," alisema. "Mtoto halali, na mimi nimechoka."

"Tutakwenda," alisema Mzee Usiguse, akikamua kitambaa. "Lakini wiki moja tu."

Sindano ya mkewe ikasimama. "Wiki moja, baba watoto? Mjukuu hata hajanizoea, nimeshaaga?"

"Si mimi, ni maegesho. Umesahau tulipokwenda kwa kaka yako? Gari lililala siku tatu tu pale uwanja wa ndege, na nililipa mpaka jasho likanitoka. Mwezi mzima, si tutauza gari lenyewe?"

Mshonaji akaukata uzi kwa meno. Huyo ndiye alikuwa mjukuu wake wa kwanza.

Jirani yao akaja kuchukua gauni lake. Alikuwa mfanyabiashara wa viatu, na mara kwa mara alipanda ndege kufuata mzigo. Alimwona shoga yake uso umemshuka, akauliza kulikoni. Akaelezwa yote.

"Shemeji, siku ile uliegesha wapi?"

"Karibu na mlango. Nilitaka likae mahali pa heshima."

Jirani akacheka. "Pale ni pa mtu anayempokea mgeni na kuondoka. Wanahesabu saa, na gari likilala wanahesabu hata usingizi wake. Mimi pia walishaninyoa bila maji."

"Sasa nifanyeje?"

"Kwa safari ya siku chache, tumia maegesho ya mbali, yanayolipiwa kwa siku. Bei ni nafuu, na basi linakufikisha mlangoni. Piga simu mapema uweke nafasi. Mara nyingi anayewahi hulipa kidogo. Nje ya uwanja kuna yadi za watu binafsi pia, lakini usivutwe na bei tu. Tazama ukuta, ulizia mlinzi, uliza kama basi limo kwenye bei, na udai risiti."

"Na kwa mwezi?"

"Kwa mwezi, gari libaki nyumbani. Nitawapeleka mimi, kisha nilirudishe hapa."

"Ulirudishe? Si una gari lako?"

"Langu liko kwa fundi. Nitaendesha hili."

Mzee Usiguse akalitazama gari, akamtazama jirani, akarudi kufuta kioo.

"Baba watoto," mkewe akasema, "binti yetu ulimpa mtu akavuka naye bahari. Hili bati ndilo linakushinda?"

Mzee alijikaza asicheke, akashindwa. "Haya. Lakini kwanza tuzunguke mtaa, nikuone."

Wakazunguka. Jirani aliendesha vizuri kabisa. Mzee Usiguse alikaa kando yake, akikanyaga breki isiyokuwepo kila kona.

Siku ya safari walishusha mizigo upesi mlangoni, maana pale ni pa kushusha tu, na anayekawia hulipishwa. Jirani akageuza, akalirudisha gari chini ya paa lake nyumbani. Gharama yote ilikuwa mafuta. Pesa waliyoitenga kwa maegesho ikanunua kitanda cha mtoto, na nyingine ikabaki.

Mshonaji alimwogesha mjukuu kila asubuhi, na binti yake akapata kulala. Siku za kwanza babu alipiga simu kila jioni kuuliza hali ya gari. Mjukuu alipozoea kulala kifuani pake, simu zikapungua, kisha zikakoma. Wiki ya nne, jirani ndiye aliyepiga.

"Shemeji, mbona kimya? Leo nimeliosha gari lako, linang'aa."

"Ahsante," babu akanong'ona. "Lakini sema polepole, utamwamsha."